Mswidi Aliyenisimamia Nikinoa

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Crescent Town hatujambo. Bibi yako anakusalimu, na lifti ya jengo bado mbovu. Unauliza kama yule Mswidi unayekaa naye chumba kimoja huko Uswidi anakudharau, maana anakutazama tu bila kusema. Sijui. Mimi pia niliwahi kumshuku Mswidi.

Wakati ule nilikuwa fundi wa kunoa vyuma vya viatu vya kutelezea kwenye uwanja wa barafu, North York. Yeye alikuwa mchezaji wa kulipwa wa hoki, umri umeshamtupa mkono. Wenzake walituma viatu vyao. Yeye alileta mwenyewe, akanisimamia kana kwamba mimi ni mwizi. "Usinoe sana," kila mara. Nikajua tu, huyu haamini mkono mweusi.

Siku moja hasira zikanipanda, nikavinoa vikawa wembe. Kona ya kwanza tu, akaanguka.

Alirudi akichechemea, akafunga mlango. Nikashika nyundo. Yeye akavua kinga ya goti, na goti lilikuwa limevimba kama boga. Makali yakishika barafu sana, goti hilo lilikuwa linapinda.

"Kocha akijua, nimekwisha," akasema. "Nakuletea wewe kwa sababu husemi ovyo."

Alimaliza msimu na makali butu. Miezi yote ile nilimchunguza macho, sikuona anavyotembea.

Basi mtazame mwenzako vizuri. Ila kabati lako lifunge kwa ufunguo. Mimi bado ni yuleyule.

Babu yako