Vidole vya Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, wifi na watoto. Natumaini mafua yaliyokusumbua yamekwisha. Sisi ni wazima, isipokuwa Baba, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Mabwawa sasa yamefika tisa. Bado tunakuza ule mwani wa kijani-buluu unaostawi kwenye maji makali ya magadi, na kiwanda kinakamua kutoka kwake rangi ya buluu na dawa za ngozi. Magadi yakipungua, vijidudu huingia na kuula wote. Baba, kama unavyomjua, hakutaka kipimo. Aliyasugua maji kati ya vidole; yakiteleza vya kutosha, aliridhika. Wafanyakazi wakamwita Mzee Vidole.

Mwezi uliopita alichovya mkono bwawa la tatu mbele ya meneja, akasema, "Maji haya yamelegea. Msipoyatia magunia manne ya magadi leo, baada ya siku tatu mtavuna matope." Mimi, mpimaji wa maabara, nikaleta kipimo. Kilionyesha maji hayana kasoro. Meneja akaamua tusubiri hizo siku tatu.

Siku ya nne bwawa lilikuwa limestawi, kijani kizito. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mvunaji mmoja alimletea Baba ndoo ya maji ya bomba, akamwomba aipapase aseme kama ni maji au ni maziwa. Baba akaipapasa kweli, maskini. Meneja akamwambia akapumzike nyumbani, na usimamizi nikapewa mimi.

Sasa anashinda jikoni akisugua vidole chini ya bomba. Juzi aliniomba nimfunge vifungo vya shati, eti haviamini tena vidole vyake.

Sasa sikiliza, maana hili sitaliandika tena. Kipimo kilikuwa kibovu tangu Jumatatu ya wiki ile, nami nilijua nikajikausha. Baba alikuwa sahihi. Siku ileile aliyochovya mkono, wenzangu walipokwenda kula mchana, niliburuta magunia manne, kama alivyosema, nikayamwaga na kukoroga mpaka mgongo ukaniuma.

Sababu unaijua. Wewe ulifundishwa, mkono wako ndani ya wake, na kazi yenyewe hukuipenda. Mimi nilifukuzwa ukingoni, eti mikono ya kike imezoea sabuni, haitajua utelezi. Nilidhani nitamwonea huruma. Simwonei. Nalala fofofo.

Ameketi hapa kando yangu ninapoandika. Bila miwani haoni herufi. Anakusalimu sana. Ananiambia nikuulize wewe, mwanafunzi wake, kama alikuwa akikosea tangu zamani. Usihangaike kumjibu. Nimemwambia uliniambia hivyo miaka yote, ila yeye ulimstahi.

Msalimie wifi, wanangu wabusu.

Dada yako akupendaye,
Msimamizi wa Mabwawa