Mtu Wako Yuko Mlangoni

Koboko, Uganda

Kaka Mrisho,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Najua umenuna na hutaitikia, kwa hiyo najiitikia mwenyewe: marahaba, Zuhura, hujambo? Sijambo kabisa, kaka, ni mafua tu ya vumbi la huku vijijini Dranya. Hali yako wewe siulizi, Mama ameshanieleza, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu zangu unazikata. Barua hii nimempa dereva wa lori anayeshuka huko kwetu Tabora, nikamwambia akukabidhi mbele ya Mama. Haya, ikate na hii tuone.

Kazi inaenda. Ofisi yetu iko Arua, ila mimi wamenileta huku Koboko kufunga pampu za maji za sola, na siku nyingi nashinda vijijini nikiwa juu ya mnara wa tangi. Watu wakiona mwanamke kapanda na spana hutazama kidogo, kisha huniletea karanga. Kiswahili chao kingekuchekesha. Mwanzoni nilikuwa nacheka, sasa hivi nami nikifika kisimani nauliza, "Maji iko?" na hakuna anayegeuka kunishangaa.

Jioni nikirudi nawasha gemu letu, lile la ndugu wawili wanaokwenda upande wa kulia tu, wakipigana na majitu njia nzima. Wewe mwenye shoka, mimi mwenye mkuki. Sheria zake hujazisahau: mmoja akibaki nyuma, picha haisogei, na akianguka, mwenzake lazima amsimamie abane kitufe mpaka ainuke.

Uliniambia baada ya mkanda wa mashine ya kusaga kukuchukua mkono wa kulia, "Cheza peke yako, Zuhura. Mimi nimeshatoka." Na gemu lenyewe liko upande wako. Kila nikiwasha linaniuliza kama niendelee na mchezaji mmoja. Nikikubali, mwenye shoka anafutika na wangu anapewa nguvu za wawili. Nimekataa. Nakataa kila jioni, na nitakataa mpaka kidole kiote sugu.

Nacheza peke yangu, lakini kwenye kioo tupo wawili. Pedi yangu ya gemu naibana mapajani, mkono wa kulia ndio unaoiendesha. Yako nimeiegemeza mezani, vitufe vyote nimevihamishia upande mmoja, na mtu wako namwendesha kwa kushoto. Kushoto tu, kaka. Siku za kwanza alitembea kama mlevi, akawa anajitosa mtoni mwenyewe, nami nikatoa maneno ambayo Mama asiyasikie.

Mama Poni, mwenye nyumba wangu, akaja kutazama. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii mutu ya pili iko nafanya nini? Kila saa nakufa! Toa yeye, wewe taenda mbio."

"Huyo ni kaka yangu," nikamwambia. "Hatoki."

Nilipoona mkono wa kushoto bado ni mzito, nikaanza kuutumia kwa kila kitu: spana, mswaki, kufunga vifungo vya shati. Nikajua jinsi unavyochoka, kaka, na jinsi unavyowahi kukasirika. Halafu Mama akapiga simu akanieleza kwamba tangu urudi kutoka hospitali hujakaa kwenye sinia na watu. Kwamba wifi anakupelekea sahani uani, unakula ukiwa umeupa mgongo mlango, kwa sababu unaona haya kupeleka kushoto mbele za watu. Niliumia, kaka. Niliumia kisha nikawaka.

Siku hiyohiyo Mama Poni alinialika. Ni Waislamu kama sisi, na wanakula sinia moja kama sisi: ugali mweusi wa muhogo na mtama, na majani ya kunde yaliyotiwa simsim, ule ufuta wetu. Tukanawa. Watu wakasema bismillahi. Nikapeleka mkono wa kushoto.

Sinia zima likasimama. Baba yake Mama Poni, mzee aliyekuwa askari zamani, akaangusha tonge lake.

"Wewe! Ile mukono ni ya choo! Nadharau chakula ya mutoto yangu?"

Mama Poni machozi yalimlengalenga. Alidhani namtusi, tena mbele ya baba yake, baada ya kunisongea ugali kwa mikono yake. Ningeweza kuomba radhi nikabadilisha mkono, mambo yakaisha. Sikubadilisha. Nikawaambia, "Kaka yangu amebaki na huu mmoja. Shehe wake amemwambia mwenye udhuru hana kosa, lakini yeye anakula uani peke yake kwa sababu ya macho kama haya. Sasa niambieni, ale wapi?"

Mama Poni akajifuta uso kwa kanga.

"Hii ajali, yeye hapana nunua kwa soko. Mukono iko nanawa, basi. Kula."

Mzee hakukubali. Alichukua tonge lake akatupa mgongo, akala akiangalia ukuta. Kesho yake alirudi, maana chakula kilikuwa upande wetu. Sasa ndiye anayechungulia dirishani kila jioni na kuuliza, "Kaka yako nafika wapi?"

Umefika kwenye lile lango kubwa, kaka, lile lililotushinda sote wawili ulipokuwa na mikono yote. Umefika kwa mkono wa kushoto. Kuna mawe mawili, na lazima ndugu wote wawili wayakanyage kwa pamoja. Ningeweza kulifungua peke yangu, mikono yangu sasa inatosha. Sitalifungua.

Nimepewa likizo ya Idd, na mashine ya gemu naibeba begani. Msalimie Mama, mwambie mguu wake unaomuuma asiuoshe kwa maji baridi. Msalimie Shangazi Mwajuma, mfuga kuku wetu, na wanao wote. Wifi yangu Tatu mwambie kwa heshima zote: siku ya Idd akipeleka sahani uani, nitaifuata huko na kuirudisha. Litawekwa sinia moja. Utakaa ubavuni pangu, na mkono wa kwanza kuingia utakuwa wangu wa kushoto. Atakayeona haya ainuke yeye.

Tukishiba, utashika pedi yako. Mtu wako yuko mzima, anakusubiri kando ya jiwe lake. Mimi nimesimama juu ya langu, na sisogei.

Ni mimi mdogo wako, mbishi kama wewe,

Zuhura