Mto Tulioambiwa Haupo

Dada Feza, nakusalimu kwa mikono yenye baridi ya Johannesburg.

Usiutazame sana huo mnara wa kwenye picha ya kadi hii. Niliupita ndani ya taksi, nikauona, basi. Mahali pa kutembelea ni pengine.

Unakumbuka Furaha wangu alivyoapa kwamba hatabatizwa kwenye bwawa la plastiki, atangoja mto kama sisi wa Uvira? Miaka sita anasuka nywele za watu hapa Malvern, na kila mtu anamwambia, "Eish, mji huu hauna mto." Hata wewe ulicheka. Mimi nikaanza kuuliza kila aliyeingia saluni, mpaka askari mmoja wa getini, Mkongo mwenzetu aliyekuja kumchukua mkewe, akasema, "Mama, nyuma ya kazini kwangu Randburg, humu humu mjini, kuna mto."

Jumapili asubuhi tukaenda kanisa zima. Maji, dada, yalifika magotini tu! Mchungaji akasita. Nikamwambia Furaha, "Keti chini, halafu lala." Akaketi, akalala, wamama wawili wakamkandamiza mabega mpaka hata unywele mmoja haukuonekana. Alipoinuka akitetemeka, tuliimba mpaka mbwa wa jirani wakanyamaza.

Mungu aliponye goti lako, na wajukuu wasikuchoshe.

Nilimfunika Furaha kwa kile kitenge ulichonipa. Kimejaa tope la mto usiokuwepo, na sikifui mpaka ukione kwa macho yako.

Mdogo wako,
Mama Furaha