Tanki Moja Mpaka Marsabit

Jumapili, Julai. Ruiru, baridi.

Tangu asubuhi jua halijaonekana. Ni ile baridi inayoingia mpaka ndani ya soksi, pamoja na manyunyu yasiyoamua kama ni mvua au ni ukungu. Nimejifunika shuka ya mume wangu, nina kikombe cha chai ya tangawizi, na moyo unadunda kana kwamba nimepanda mlima.

Mume wangu. Bado napenda kuliandika hilo neno. Mume wangu, mume wangu, mume wangu. Tuko mwezi wa pili wa ndoa na bado halijazoeleka mdomoni.

Leo nimefanya jambo ambalo mke mgeni pengine hapaswi kulifanya. Silijutii. Acha nieleze.

Karanja ana gari la zamani. Sisemi zamani ya kutumika kidogo, nasema lilitengenezwa kabla sijazaliwa. Ni la Kijerumani, milango miwili, viti viwili vya ngozi vilivyopasuka ukingoni, injini ya silinda nane chini ya boneti ndefu kama meza ya harusi. Lilikuwa la mzee mmoja mwenye shamba la kahawa hapa Ruiru, likalala chini ya turubai mpaka kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Karanja ni fundi wa umeme katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda Thika. Alilinunua likiwa haliwezi hata kukohoa, akalifufua mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Siku ya kwanza alipokuja kunichukua tukanywe soda, nilisikia mlio wake kabla sijamwona uso. Nakiri kwamba nilivipenda vyote viwili siku moja.

Na kesho asubuhi mtu mmoja wa Githurai 45 alipanga kuja kulinunua.

Haya yalianza siku ya ruracio, mahari ikijadiliwa nyumbani kwetu Thika. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nimefunikwa leso pamoja na binamu zangu, tukingoja Karanja aje atuchague na atambue yupi ni wake. Kutoka kule ndani nikamsikia Baba akisimama. Baba aliendesha malori maisha yake yote. Alipeleka mizigo Malaba, akapeleka Moyale kabla ya lami, na kwake mtu hupimwa kwa mafuta anayochoma.

"Kijana," akasema mbele ya wazee wote, "hiyo gari yako inakunywa kuliko mjomba wangu. Mtu akilisha injini kama hiyo, nyumba atailisha na nini? Ukishaoa, uza."

Watu wakacheka. Karanja hakucheka. Nilimsikia akisema, "Nitauza, Baba."

Hivyo tu, bila kubisha. Chini ya leso yangu nilitokwa na machozi, na binamu zangu wakadhani ni ya furaha.

Tangu siku hiyo kila mtu ana maoni. Mama Shiro, jirani yetu, hunisalimia kwa kuniuliza, "Wanjiru, mke mwenza ameamkaje?" Eti gari ndilo mke mkubwa na mimi nimeolewa wa pili. Akina mama wa kanisani wanasema gari la viti viwili ni la wachoyo, kwa sababu haliwezi kubeba hata shangazi mmoja kwenda mazishini. Binamu yangu aliniandikia kwamba tungekuwa na akili tungenunua kitu cha kubeba magunia.

Jibu langu kwa wote ni fupi. Sisi ni wawili.

Kabla ya kuliuza, Karanja aliomba kitu kimoja tu: safari moja ndefu, ndiyo iwe fungate yetu. Mimi ndiye niliyechagua Marsabit. Niliichagua kwa kiburi, kwa sababu Baba alishasema kwamba gari lile halitafika hata Isiolo kwa tanki moja.

Usiku uliotangulia tuliondoa kila kilo isiyokuwa na kazi. Sanduku la spana za ziada likatoka, jeki ya pili ikatoka. Karanja akatazama begi langu la nguo kwa upole sana, na mimi nikatoa viatu pea mbili. Kwa huyu mwanaume ningesafiri na kanga na mswaki. Magurudumu yakajazwa upepo wa kutosha, tanki likajazwa hapa Ruiru mpaka pampu ikajizima, tukatoka kabla Thika Road haijaamka.

Nataka kusema ukweli hapa, kwa sababu najua kuna watakaonicheka. Kwenye foleni ya Githurai gari hili ni mlevi. Sikatai. Linasimama pale likinguruma na kumeza petroli bila kusogea, na unaweza karibu kuisikia ikiteremka kooni. Lakini nani hanywi vibaya akifungiwa mahali? Lipeleke barabara ndefu, mguu uwe mwepesi, sindano ya mwendo ikae kwenye tisini, uone. Ile injini kubwa haina haja ya kuhangaika. Inazunguka polepole kama mtu anayetembea huku ameweka mikono mgongoni.

Karanja aliendesha kana kwamba kiti cha nyuma kilikuwa na mayai, na kiti cha nyuma hatuna. Malori yalitupita. Karibu na Makutano tulipitwa na pikipiki iliyobeba mikate. Dereva wake akageuka kututazama, akaangalia boneti, akaangalia tena, akatikisa kichwa. Nilimpungia mkono kama malkia.

Kwenye dashibodi kuna sindano ndogo inayoonyesha jinsi injini inavyokunywa wakati huo huo. Nilipewa kazi ya kuitazama.

"Karanja, unakunywa!"

"Ni mlima, mama!"

"Nimesema tu!"

Tulicheka hivyo mpaka Nanyuki, tukanywa chai, tukaendelea. Baada ya Timau barabara inateremka kuelekea Isiolo kama imeangushwa. Hapo nikakumbuka mafundisho ya Baba: ukiteremka, toa gia, weka free, mteremko ni mafuta ya bure. Madereva wote niliowajua utotoni walifanya hivyo. Nikamwambia Karanja aweke free. Akasema hapana, tazama sindano. Akainua mguu huku gia ikiwa ndani, na ile sindano ikalala chini kabisa. Kisha, kwa ajili yangu, akaweka free kidogo. Sindano ikainuka. Akanieleza kwamba injini ikiachwa huru inabidi inywe kidogo ili isizime, lakini gia ikiwa ndani magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na breki nazo hazibebi mzigo wote peke yake. Akarudisha gia.

 Mpaka Isiolo nilikuwa nafikiria jinsi nilivyoolewa vizuri.

Isiolo hatukusimama. Tukapita Archer's Post, tukapita mlima wa Ololokwe uliosimama kama mkate uliokatwa kisu, na barabara ikanyooka mpaka ikawa inatetemeka kwa joto. Ngamia walitutazama bila heshima. Karanja alinishika mkono, akauachia tu alipohitaji kupisha mbuzi, akaushika tena. Sijawahi kuwa na furaha kiasi kile. Kama kuna neno kubwa kuliko furaha, sikufundishwa shuleni.

Tulifika Marsabit kwenye ukungu wao wa mlimani, na sindano ya tanki ilikuwa bado juu ya robo. Tulijaza pale, Karanja akapiga hesabu kwenye simu: karibu kilomita kumi kwa lita. Baba alisema nne. Nilimkumbatia mume wangu pale pale kwenye pampu, na mzee mmoja aliyekuwa akingoja na pikipiki yake akageuza uso.

 Tulipokuwa tunarudi, karibu na Kenol, Karanja akapitisha kiganja juu ya dashibodi polepole, akasema, "Limenifaa."

Alikuwa anaaga.

"Unataka kuliuza?" nikamuuliza.

"Nilisema nitauza."

Hilo silo nililouliza.

Basi leo. Tulipotoka kanisani Karanja alipigiwa simu, mashine moja ya kiwandani imekufa, akaondoka na bodaboda. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari. Leseni ninayo, ila sikuwa nimewahi kuliendesha peke yangu. Niliutazama ule ufunguo muda mrefu, nao ukanitazama.

Nililiendesha mpaka Thika, kwa Baba.

Alisikia mlio akatoka nje akivaa kofia vizuri, tayari kumpokea mkwe wake. Akaniona mimi nyuma ya usukani.

"Haiya! Mwenyewe ako wapi?"

"Mwenyewe ni mimi."

Sikungoja kukaribishwa. Nikamwambia habari za mnunuzi wa Githurai, na Marsabit yote, nikiwa nimesimama. Alijaribu kutoonyesha kwamba anasikiliza, lakini dereva ni dereva.

"Mlijaza wapi?"

"Ruiru."

"Na Isiolo?"

"Hatukusimama."

"Nanyuki je?"

"Chai tu."

Akalizunguka gari, akalipiga tairi teke kidogo. "Mliweka free hapo Timau?"

"Hapana."

"Basi mlipoteza mafuta."

"Baba, kuna sindano inayoonyesha..."

"Sindano inajua nini? Mimi nimeteremka hapo na lori imejaa simiti!"

Hapo nikaelewa kwamba hata tungefika Moyale kwa kikombe cha petroli, kilomita hazingetuokoa. Naye akaketi kwenye ngazi, sauti ikashuka. Baba huniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Maitu, maneno si mafuta tena. Huyo kijana alitoa neno mbele ya wazee."

"Alilitoa kwa ajili yangu, na mimi silitaki. Na kama kweli mimi ni mama yako, leo mama yako anakukataza."

Alicheka kwa pua. Kisha akaacha kucheka.

"Mama yangu hangekuja hapa kumsemea bwana yake. Huyo Karanja hajaniambia hataki kuuza. Hata siku moja. Aseme. Hata kwa simu, lakini itoke kwa mdomo wake."

Iliniuma, kwa sababu hata mimi alikuwa hajaniambia.

Niliporudi Ruiru nilimkuta Karanja amesimama getini, akitazama mahali ambapo gari hulala. Alipojua nilikokwenda hakuuliza kama nimelikwaruza.

"Umenifanya mtoto, Wanjiru."

Ni maneno magumu zaidi tangu tuoane. Ningeweza kuomba msamaha. Labda ilifaa. Lakini nilikuwa nimetetemeka kwenye usukani kutoka Thika, na sikuwa nimetetemeka bure.

"Basi kuwa mkubwa," nikasema. "Piga simu."

 Akapiga, akaweka simu juu ya boneti iliyokuwa bado na moto, akafungua spika.

"Baba, ni Karanja."

"Najua. Sema."

"Ile gari."

"Eeh."

"Sitaki kuuza."

Nilisikia kuku wa Baba upande wa pili. Nilikuwa nimeshika mkono wa mlango kana kwamba gari litaondoka.

"Na mbona ulisema utauza?"

"Nilikuwa nataka binti yako."

 Baba akakohoa, na mimi kile kikohozi nakijua, ndicho hutumia kuficha kicheko.

"Na umempata. Sasa utajua hujui. Lakini sikiza, Karanja. Siku nyingine usinipe neno kama huna. Wazee walikula mbuzi juu ya hilo neno."

"Nimekosa, Baba."

"Utarudisha mbuzi."

"Nitarudisha."

"Na hiyo nyumba mnayojenga Murera, nataka kuona kuta zimefika linta, pale juu ya madirisha."

"Itafika."

"Sawa. Ambia huyo mtu wa Githurai asichome mafuta bure kuja huko."

Karanja alimpigia mara moja. Yule mtu alikasirika, akasema tunachezea watu. Ni haki yake. Mume wangu akamwomba radhi, akakata simu, akaegemea mlango wa gari na kufunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu ikawa vyote viwili, nami nikamshika mpaka Mama Shiro akachungulia juu ya ua na kuuliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa, Mama Shiro!

Najua watakaosoma hapa watasema sisi ni wajinga. Kwamba vipuri vitatumaliza, kwamba mapenzi hayajengi nyumba. Nyumba tutajenga. Tutajenga polepole, kwa tisini, mguu mwepesi. Lakini sitaanza ndoa yangu kwa kumchukua mwanaume niliyempenda na kumpunguza kipande kimoja ili watu wapumzike. Anayetaka mume aliyepunguzwa amtafute kwingine.

Jambo moja tu linanihangaisha sasa. Mbuzi lazima apelekwe Thika Jumamosi, akiwa hai, na gari lina viti viwili. Karanja anasema tukodishe pikapu.

Hatukodishi kitu. Nitampakata.