Watu wa Mlimani Wameulizwa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za mjini, shemeji hajambo, watoto je? Na mgongo wako, bado unakusumbua? Sisi huku Mlimani tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, basi. Anauliza kama mwanawe mheshimiwa waziri anapata hata muda wa kula.

Haya. Sasa nisikilize, maana sijui hata nianzie wapi.

Ulinipa gari la matangazo na karatasi ya kusoma, ukaniambia nipande huku kwetu niwatulize watu, waache habari ya kujitenga na nchi yetu mpya. Nikapanda. Nikafunga spika zangu kwenye ukumbi wa shule, watu wamejaa hadi madirishani. Nikaanza kusoma: hamwezi kuondoka, kwa sababu maji ya Mlimani ni ya wote. Kaka, ukumbi mzima ulicheka! Mchomeleaji wa geti letu akapaza sauti kwamba kaseti hiyo anaijua, apewe maiki aimalizie yeye. Na ni kweli. Serikali ya nchi ile ya zamani, tulipotaka kujitenga nayo sote, ilitukatalia kuondoka kwa sababu eti machimbo yetu ni ya wote. Umebadilisha neno moja tu!

Nilisimama pale kama mtu aliyevuliwa suruali.

Haya mambo si wewe uliyenifundisha? Shule niliishia njiani, vitabu vyako vya sheria nikavisomea chini ya meza ya kutengenezea redio. Nilikuuliza nani ana haki ya kujitenga. Ukasema watu wowote wanaojiona ni watu, na dawa ni moja tu, waulizwe. Neno hilo nililitangaza mitaa yote mpaka sauti ikakauka. Nilipigwa virungu kwa ajili yake. Leo Mlimani wanaomba waulizwe, wewe unasema ni uhaini. Kweli, Kaka?

Usidhani huku wote wanaimba wimbo mmoja. Muuza nyama alibisha sana. Alisema tukienda hivi, kesho mtaa wake nao utataka rais, na kila choo kitakuwa na balozi wake. Watu walivunjika mbavu, lakini mimi swali lile liliniingia. Mwisho wake ni wapi? Sijui. Mpaka sasa sijui. Fundi cherehani akamjibu kwamba hata yeye hajui, ila ameshona bendera za nchi mbili na hakuna aliyewahi kumuuliza rangi hata moja.

Sasa lile ninaloogopa kukuandikia. Karatasi yako sikuimaliza. Niliikunja, nikawauliza mimi mwenyewe, kwa spika: nani anabaki, nani anaondoka, nyoosheni mikono. Wa kuondoka walikuwa wengi, hata kuhesabu hakukuwa na haja. Na mkono wangu ulikuwa juu pamoja nao. Si kwamba nchi yao naiamini, naona hata mwaka haitafika. Ila ule mlango tuliopita sote, wewe umeufunga nyuma yako na ufunguo umeutia mfukoni. Hilo sikulitegemea kwako. Kwa mwingine yeyote, sawa.

Mama alinyoosha mkono wa kubaki. Karibu peke yake, benchi la mbele. Alisema mwanawe yumo, basi naye yumo. Hakuna aliyemzomea.

Leo dereva wako amenifikishia ujumbe kwamba malori ya askari yanapanda kesho. Nikamwambia Mama nimpeleke kwa mama mdogo mpaka yapite. Amekataa katakata. Ameomba kiti chake kiwekwe barabarani, pale darajani, akae na waliomshinda. Anasema ameshindwa kwa haki, na hawa ndio anaoishi nao.

Kwa hiyo waambie askari wako, Kaka: huyo watakayemkuta mbele kabisa ndiye aliyekupigia kura.

Wape shemeji na watoto salamu zangu nyingi. Gari namrudishia dereva, mafuta nimejaza. Spika ni zangu, zinabaki.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Spika