Ekrani ya Pili

Mjini Baraka, 8 Juni 2025, mwaka wa ishirini na mbili tangu nitoke kijijini kwetu Kilembwe.

Dada yangu Marthe,

Leo nina furaha ya mtoto! Nimeunganisha ekrani ya pili kwenye kompyuta ya nyumbani. Kwanza nilibonyeza "Dupliquer", maandishi yaleyale yakatokea mara mbili. Mke wangu Espérance akacheka: "Baba Dany, ile iko photocopie! Finya 'Étendre', sawa vile tunatandika mukeka."

Nikabonyeza. Pakawa papana! Kushoto ninaandika hadithi za mama kwa Kibembe, kulia ninazitafsiri kwa Kiswahili.

Uliniuliza kuhusu nyumba ya baba unayonitunzia huko Kilembwe. Wape watoto wako. Miaka yote niliishi hapa kama ile photocopie, nakala tu ya maisha ya huko. Sasa nimetandika mkeka wangu. Sitarudi.

Kaka yako anayekupenda,
Nicolas