Jina la Kukhu kwa Ndama wa Kifaru

Laikipia,
Agosti 1995

Mpendwa Baba,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Je, mguu wako umepoa? Mimi ni mzima, nimenenepa hata sare inanibana, na leo nina jambo la kukuomba, kwa hivyo keti kwanza.

Uliniuliza kwa nini watu wazima wamlinde kifaru mmoja kwa bunduki, ilhali mikaratusi yako pale mpakani haina hata mbwa wa kuilinda. Nilicheka sana! Baba, mkaratusi ukiukata leo, mvua ikinyesha unatoa machipukizi manne. Wewe mwenyewe hujui unayo mingapi, na hakuna hata mmoja uliowahi kuupa jina. Kifaru hubeba mimba mwaka na zaidi, akazaa mmoja tu, na wezi wa pembe wanamvizia. Wamebaki wachache mno. Ndiyo maana huku kila mmoja ana jina lake.

Na hapo ndipo nilipojitia taabani. Wiki jana mimi na mwenzangu Ekai, Mturkana mmoja mcheshi, tulimkuta ndama mchanga amebaki ng'ambo ya korongo, mama yake amekwisha kuvuka. Alilia, Baba, kwa sauti nyembamba kama mtoto. Nikasahau niko wapi. Nikafanya vile mnafanyanga nyumbani mtoto akikataa kunyamaza: kumtajia marehemu wetu mmoja mmoja, na jina litakalomtuliza ndilo lake. Nekesa. Analia. Nanjala. Analia. Nilipotaja Nafula, kimya! Akashuka korongoni, akapanda kwa mama yake, akanyonya.

Ekai alicheka hadi akakaa chini, kisha akaenda kumwambia mkubwa wetu. Naye ameandika "Nafula" katika daftari la vifaru, kwa penseli. Nimemsihi asitie wino mpaka nikuulize. Kwangu Nafula ni kukhu, lakini kwako ni mama mzazi. Jina lake si langu la kugawa. Huenda ukakasirika. Ila kusema kweli nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Nisalimie Mama, na dada yangu mwalimu, na ami mkata miwa. Mwambie asicheke kabla wewe hujajibu.

Nijibu upesi. Ukikataa, nitalifuta jina kwa mkono wangu, na sitanung'unika. Ukikubali, basi yale maneno ya kwamba niache kazi nirudi shambani tuyaache, Baba. Nitamwachaje mama yako porini na wezi?

Mwanao akupendaye,
Barasa